Uzeeni Bukavu: yanayosemwa na yaliyo kweli

“Mzee apumzike.” Mjukuu anamnyang'anya bibi ndoo, mkwe anamnyang'anya jembe. Nia ni njema, ila misuli isiyotumika hupungua upesi. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani waliwafundisha wazee dhaifu wa miaka 86 hadi 96 kunyanyua uzito kwa miguu. Baada ya wiki 8, waliomaliza walikuwa na nguvu zaidi ya mara mbili ya walizoanza nazo.

“Mimi napanda Kadutu kila siku, inatosha.” Nusu kweli. Mlima wa mtaa huo wa Bukavu unafaa moyo na mapaja. Lakini Shirika la Afya Duniani, zaidi ya zile dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, linataka mazoezi ya nguvu siku 2, na kwa wenye miaka 65 kuendelea, mazoezi ya kujisawazisha siku 3. Inuka kitini bila kutumia mikono. Simama kwa mguu mmoja karibu na meza.

“Mzee anatosheka na uji na chai.” Kinyume chake: wataalamu wengi humshauri mzee ale protini nyingi kuliko kijana, gramu 1 hadi 1.2 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake, isipokuwa mwenye figo mbovu. Maharage yanasaidia, na sambaza wa ziwa Kivu, ukimla mzima, anakupa na kalisi ya mifupa. Sijaona unga wa protini wa kopo unaomshinda.

“Dawa ya asili haidhuru.” Hapa ndipo pana hatari, na Wakongo tusingepaswa kuambiwa. Muhogo mchungu ni wa asili. Usipolowekwa vya kutosha unabaki na sumu ya sianidi, na anayeula majuma mengi bila protini ya kutosha anaweza kupata konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu kwa ghafla na kwa kudumu. Tena, baadhi ya dawa za “asili” za viungo zimepimwa zikakutwa na steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe) zilizofichwa: maumivu yanaisha, sukari na presha zinapanda. Nazo vidonge vya mmea wa ginkgo au vya kitunguu saumu, vikichanganywa na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, vinaweza kuzidisha kutokwa damu. Chupa isiyo na lebo mimi siinunui hata kwa jirani.

Virutubisho vyenye maana vipo, kwa anayepungukiwa. Metformini, dawa ya sukari, ikitumiwa miaka mingi hupunguza vitamini B12, na tumbo la uzee nalo huifyonza kwa shida. Mgonjwa wa sukari mwenye ganzi miguuni aombe kipimo cha B12 kwanza.