Tawi halijitahidi kuwa tawi: jinsi ya kusoma Wakolosai 3

Mpendwa, fungua Wakolosai 3 kwenye Biblia ya Union Version, shika na penseli. Penye neno linalosema jambo ulilokwisha kutendewa, lile la -me- au -li-, piga mstari mmoja. Penye amri piga miwili. Ishia aya ya 17.

Utaona mpangilio. "Mmefufuliwa" inatangulia "yatafuteni yaliyo juu". "Mlikufa" ya aya ya 3 inatangulia "vifisheni" ya aya ya 5. Aya ya 9 inakataza kuambiana uongo na papo hapo inatoa sababu: "kwa kuwa mmevua kabisa utu wa kale". Paulo hasemi acheni uongo ili mpate kuuvua.

Wengi tunaanzia kwenye mistari miwili, yaani kwenye amri. Mtu anaweka nadhiri kwenye mkesha wa mwaka mpya, anafunga, anaandika daftarini atakayoyaacha, akitumaini kwamba akiyaacha ndipo Mungu atamwita mwana. Akianguka mwezi wa pili anaona aibu, na jumuiya haimwoni tena. Kufunga ni kuzuri kabisa. Kinachomchosha ni kulipia alichokwisha kupewa bure.

Sisi wa Dodoma tuna bahati katika Yohana 15, ambapo Yesu anajiita mzabibu na sisi matawi, maana mzabibu tunauona. Pita Hombolo au Mpunguzi wakati wa kupogoa. Mkulima anakata tawi, anabakiza macho mawili au matatu, yaani vifundo vya kuchipulia, na machipukizi mapya ya hapo ndiyo yatakayobeba vichala. Lile lililoangushwa chini bado lina majani mabichi kwa muda, ukilitazama kwa mbali hulitofautishi na wenzake. Jua likipanda linanyauka, maana hakuna maji yanayolifikia. Lililobaki halikupogolewa ili liwe tawi. Limepogolewa kwa sababu ni tawi. Ndiyo maana aya ya 2 inasema tawi lizaalo "hulisafisha", na ya 3 inaongeza "mmekwisha kuwa safi". Hata katika Kigiriki maneno hayo mawili ni ya mzizi mmoja. Kisha kuanzia aya ya 4 hadi ya 10 neno "kaa" linarudi mara kumi. Kazi ya tawi imetajwa hapo.

Sasa tuseme unauza zabibu kwa kreti, na vichala vilivyoanza kuoza unavitanguliza chini, vizuri juu. Usianze na "leo sitadanganya". Kabla ya kushika kichala cha kwanza, sema kwa sauti, kwa maneno yako: Bwana, utu wa kale nimeuvua, mikono hii ni yako. Halafu chambua. Vibovu viweke kwenye ndoo pembeni, ujaze kreti, upime, umwonyeshe mteja hadi chini. Kukiri bila kuchambua ni maneno matupu. Nimewasikia watu wakirudia "mimi ni kiumbe kipya" kama dawa, huku kreti liko vilevile. Warumi 6 haina nafasi ya hilo: aya ya 11 inasema "jihesabuni", na ya 13 inataka viungo vyenyewe vitolewe kwa Mungu.

Kuna na upande wa pili, wa mtu anayesema Kristo amemaliza yote, basi mimi nimekaa tu. "Vifisheni" ni neno zito, ni kuua. Wafilipi 2:12 inaamuru "utimizeni wokovu wenu", na aya ya 13 inataja nguvu inakotoka: "ndiye Mungu atendaye kazi ndani yenu". Jasho lipo. Ila ni jasho la mwana shambani kwa baba yake, wala si la kibarua anayeogopa kufukuzwa jioni.

Nashauri ukae na Wakolosai 3 peke yake kwa wiki mbili, na dhambi moja tu unayoijua jina. Asubuhi soma aya ya 1 hadi 4 kabla ya amri yoyote. Jioni soma ya 12, ambapo unaitwa mteule, mtakatifu na mpendwa kabla ya kuambiwa ujivike rehema. Ukianguka katikati, usisubiri Jumapili. Tubu saa hiyohiyo, na kama kreti limeshaondoka, mpigie mnunuzi, mwambie kilichokuwa chini, umrudishie fedha ya vichala vibovu. Kesho yake anza tena aya ya 1.