Injini iliyomo huenda si ile ya mashindano

Wengi huamini kwamba gari la Kimarekani la mbio za dragi (mashindano mafupi ya kasi kwenye njia iliyonyooka) la miaka ya 1960 likiibuliwa ghalani, injini iliyomo ndiyo ileile iliyolipatia sifa. Mara nyingi sivyo. Mbio hizo za robo maili, kama mita 402, zilichosha injini vibaya. Injini hizo zilibadilishwa, na gari lilipouzwa huenda muuzaji alibaki na injini yake. Bodi husimulia zaidi. Sugua mlango taratibu kwa msasa wa maji (kwa ruhusa ya mwenyewe, jamani) na maandishi ya zamani yaliyofunikwa na rangi ya baadaye huweza kujitokeza. Kagua sakafuni matundu yaliyozibwa, palipofungwa vyuma vya kumkinga dereva, ulinganishe na picha za enzi hizo. Namba ya chesisi nayo isomwe, ila usitarajie herufi na tarakimu 17: mfumo huo ulianza na magari ya 1981.