Kipindi cha dini si ibada

Mtihani ukikaribia, kipindi cha dini ndicho cha kwanza kuliwa na hisabati. Shule inayofanya hivyo inajipunja. Hapa Uganda, katika mtihani wa kumaliza shule ya msingi (PLE), maswali ya dini yamo ndani ya karatasi ya Maarifa ya Jamii. Kwa sekondari, mtaala ulioanza kutumika 2020 umelifanya somo hili kuwa la lazima kidato cha 1 na cha 2, na tangu cha 3 ni la hiari.

Lakini hata kipindi kisipoliwa, mara nyingi hugeuzwa mahubiri. Ibada ina mahali pake. Darasani mwalimu hamdai mwanafunzi imani. Anamtaka aelewe, alinganishe na atoe sababu. Akihubiri dakika 40, atatoka sauti imemkauka na madaftari yako matupu.

Chukua somo la Mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao. Kila 3 Juni Namugongo, karibu na Kampala, hufurika mahujaji, na karibu kila mtoto anajua Karoli Lwanga alichomwa moto huko 1886 kwa amri ya Kabaka (mfalme wa Buganda) Mwanga. Wachache wameambiwa kwamba miaka kama kumi kabla ya hapo, baba yake, Mutesa I, aliwaua vijana Waislamu waliokataa, pamoja na mengine, kula nyama iliyochinjwa na wachinjaji wa kasri wasio Waislamu.

Andika ubaoni swali moja: "Kabaka aliogopa nini?" Wape dakika 5 za kulijadili wawili wawili. Kisha soma visa vyote viwili kwa dakika 10. Kwa dakika 15, vikundi vya watu watano, dini zikiwa zimechanganywa, vijaze safu mbili: walichokataa vijana, na kwa nini mtawala alikiona kuwa uasi. Dakika 10 zilizobaki, kila mmoja aandike aya moja peke yake. Sahihisha aya hiyo, maana kazi ya kikundi huwaficha wategeaji. Usiulize "Wewe ungekubali kufa?" Hapo unamlazimisha mtoto kutangaza imani yake mbele ya wenzake, na jibu lake halina alama ya kupewa.

Katiba ya 1995, ibara ya 7, inakataza dini ya taifa, ingawa shule zetu nyingi zilianzishwa na makanisa au jumuiya za Kiislamu. Ndiyo maana walio wachache husahaulika: wenzao wakisoma Elimu ya Dini ya Kikristo, wao hutumwa kufagia uwanja. Weka masomo ya dini zote mbili saa ileile kwenye ratiba. Wanafunzi wakiwa wachache, shirikianeni mwalimu mmoja na shule jirani, hata kwa vipindi viwili mfululizo mara moja kwa wiki. Shehe au kasisi anaweza kualikwa kujibu maswali, ila mpango wa kazi na tathmini vibaki mikononi mwa mwalimu.

Katika PLE, kila namba ya sehemu ya dini ina maswali mawili, la Kikristo na la Kiislamu. Mtahiniwa hujibu moja. Akijibu yote mawili, namba hiyo hapati kitu. Wanaonaswa si wazembe. Ni wale wenye bidii wanaodhani kujaza zaidi kunaongeza alama. Majaribio ya shule yachapwe kwa mpangilio huohuo kuanzia darasa la sita, na anayejibu yote mawili apewe sifuri palepale.