Tuliyozoea kuambiwa kuhusu mfanyakazi mwenye ulemavu

Mwaka 2003 vijana watatu viziwi walianza kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo mjini Iringa. Ndio mwanzo wa Neema Crafts, mradi wa Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ambao ulikua ukawa na karakana kadhaa, nyumba ya wageni na mgahawa unaohudumiwa na viziwi. Ukikaa mezani unaandika unachotaka, au unajaribu bahati yako kwa lugha ya alama. Anayebabaika hapo ni mteja.

Nimeanza na mgahawa huo kwa sababu unayapinga mengi yanayosemwa maofisini.

"Ukimwajiri umetoa sadaka"

Chai ikichelewa Iringa, mteja atanuna kama anavyonuna kwingine kokote. Mhudumu analipwa kwa sababu chai imefika. Kampuni ya DuPont ya Marekani iliwachunguza wafanyakazi wake wenye ulemavu mara kadhaa kati ya 1958 na 1990, ikiangalia utendaji, mahudhurio na usalama kazini, na walio wengi walipata alama za wastani au za juu zaidi. Ubaya wa sadaka ni kwamba anayeonewa huruma haambiwi alipokosea, hapandishwi cheo, na bajeti ikibana ndiye wa kwanza kuagwa.

"Anatutia moyo sana"

Kwa lipi? Kama ni kwa kufika kazini asubuhi, hiyo si sifa. Stella Young, mwandishi wa habari na mchekeshaji wa Australia aliyetumia kiti mwendo, alilisema hili wazi mwaka 2014: watu wenye ulemavu hawakuumbwa ili wengine wajisikie nafuu. Kutiana moyo kupo, ila huenda kwa njia nyingine. Kijana mwenye ualbino aliyemwona mwanasheria Abdallah Possi akiapishwa kuwa naibu waziri mwaka 2015 alipata jambo ambalo hotuba mia za kuhamasisha zisingempa.

"Wana karakana zao"

Zipo, na zimelea mafundi. Bombolulu ya Mombasa ilianza 1969 na imejulikana kwa vito, vitambaa na kazi za ngozi. Lakini Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ulioridhiwa na Kenya mwaka 2008 na Tanzania 2009, unazungumzia haki ya kazi katika soko la ajira lililo wazi kwa wote. Karakana ni mlango mzuri wa kuingilia kwenye ajira. Waajiri wengine wameigeuza uzio: wabaki humo humo.

"Vifaa vitatufilisi"

Kituo cha Marekani kiitwacho Job Accommodation Network kimewauliza waajiri swali hili kwa miaka mingi, na takriban nusu yao hujibu kuwa marekebisho hayakugharimu hata senti. Ni mambo kama kushusha meza ya mtu hadi ghorofa ya chini, kumbadilishia saa ya kuingia, au kumsogeza mwenye ualbino mbali na dirisha la jua na kumkuzia maandishi kwenye skrini. Mkalimani wa lugha ya alama ni gharama ya kweli, nisidanganye. Kompyuta ya asiyeona je?

Zamani programu ya kuisoma skrini kwa sauti iliweza kuuzwa bei inayozidi kompyuta yenyewe. Mwaka 2006 Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, akaanza kuandika ya kwake, kisha rafiki yake James Teh, naye haoni, akajiunga naye. Waliiita NVDA na wakaitoa bure. Wanaoitumia duniani huitafsiri kwa kujitolea na kufundishana njia za mkato. Husoma hata Kiswahili, ingawa kwa lafudhi ya roboti aliyeamshwa vibaya. Ofisi inayosema haina bajeti ya mhasibu asiyeona haijajaribu kupakua kitu cha bure.

"Mwenye usonji hawezi kufanya kazi na watu"

Hapa nitakaa kidogo. Usonji (kwa Kiingereza autism) ni tofauti ya tangu utotoni katika namna mtu anavyowasiliana na wenzake na kuyapokea mazingira yake. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walichapisha matokeo ya jaribio linalofanana na mchezo wa watoto. Mtu wa kwanza anasimuliwa hadithi, anampasia wa pili, wa pili wa tatu, hadi wa nane. Baadhi ya makundi yalikuwa ya wenye usonji watupu, mengine ya wasio nao, mengine mchanganyiko. Wenye usonji walipashana habari vizuri sawasawa na wale wasio nao. Hadithi ilipotea zaidi katika makundi ya mchanganyiko. Kumbe waya hukatika katikati. Damian Milton, mwanasosholojia ambaye mwenyewe ana usonji, alikuwa ameshaandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huko ni kwa pande zote mbili.

Sasa fikiria Kiswahili chetu cha ofisini. Bosi anasema, "Ukipata nafasi uniangalizie ile ripoti." Maana yake ni leo, tena kabla ya saa kumi. Mwenye usonji atasubiri apate nafasi, kama alivyoambiwa. Mwandikie: ripoti ya Machi, Ijumaa, saa nane mchana. Utashangaa na wengine watakavyokushukuru. Tena tuna salamu: za nyumbani, za watoto, za tangu juzi. Anayeingia moja kwa moja kwenye shauri tunasema hana adabu, na usaili unaishia hapo kabla hajaulizwa anachokijua.

Dhana hii ina pacha wake: kwamba wote ni magwiji wa kompyuta. Thorkil Sonne wa Denmark, ambaye mwanawe ana usonji, alianzisha kampuni ya Specialisterne mwaka 2004 na kuwaajiri wenye usonji kukagua programu. Kazi njema. Lakini wapo wanaotaka kupika, wapo wanaochukia kompyuta, na wapo wanaohitaji msaada mkubwa kila siku.

"Kwetu hayupo"

Shirika la Afya Duniani linahesabu watu bilioni 1.3 wenye ulemavu, yaani mmoja kati ya sita. Mwenye kifafa amekaa hapo jirani yako, kimya, akiogopa kuachishwa kazi. Na hujafa hujaumbika.

"Sheria ipo, yatosha"

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Kenya, Katiba ya 2010 inalenga asilimia 5 katika nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa. Ila sheria haimtafuti mtu mtaani. Vyama ndivyo vinavyowajua: kwa Tanzania, CHAVITA, yaani Chama cha Viziwi, inawajua viziwi, na SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, ni mwavuli wa vyama vyenyewe. Mwajiri anayelalamika kwamba alitangaza wasije alisome tena tangazo lake. Usaili ghorofa ya tatu, lifti mbovu, na chini kabisa: "Kwa maelezo zaidi piga simu." Kiziwi apige simu.