Hitsumei: lakabu ya mwandishi kwa Kijapani

Hitsumei ni jina analotumia mwandishi badala ya jina lake la kuzaliwa. Hitsu ni brashi ya kuandikia, mei ni jina. Washairi wetu nao hutia lakabu chini ya tungo zao, lakini kwa Wajapani jina hutazamwa kabla ya kusikika: kila herufi ya kanji, yaani herufi zilizotoka China, ina maana yake, na maana hiyo ndiyo nusu ya jina.

Mshairi Masaoka Tsunenori alipotema damu kwa kifua kikuu mwaka 1889, alijiita Shiki (子規), jina la ndege hototogisu ambaye Wajapani husema hulia mpaka atoe damu. Basho, jina la mshairi mwingine, maana yake ni mgomba. Mwanafunzi wake alimpandia mmoja mbele ya kibanda chake Edo (Tokyo ya leo) mwaka 1681. Kabla ya hapo alikuwa Tosei, yaani pichi bichi.

Njia rahisi kwa mgeni anayetaka lakabu ya Kijapani ni katakana, herufi za kuandikia maneno ya kigeni. Silabi nyingi za Kijapani huishia na irabu kama zetu, kwa hiyo Baraka huingia bila shida. Lulu atakuwa Ruru, kwa sababu hakuna l, na Thabiti atapoteza th yake iwe s. Tatizo ni maana inayojitokeza bila kutakiwa: Amani kwa katakana ni アマニ, neno lile lile linaloandikwa kwenye chupa za mafuta ya mbegu za kitani.

Hapo ni bora kutafsiri maana kuliko sauti. Amani ina 和, herufi ya upatanifu. Lakini herufi hiyo ikiwa jina la mtu yaweza kusomwa Kazu, Nagomi au vinginevyo, ndiyo maana waandishi huweka furigana, herufi ndogo za sauti juu ya kanji zinazoonyesha matamshi. Jina la ukoo hutangulia, mara nyingi kwa kanji mbili: Hamada (浜田) ni ufuo na shamba. Jina lako hufuata kwa kanji moja au mbili.

Kosa la kawaida ni kuokota kanji kwa sauti tu. Anayetaka “a” huchukua 亜 kwa kuwa inapendeza machoni, kumbe hubeba pia maana ya kitu cha daraja la pili. Sheria ya Japani inayowekea mipaka kanji za majina ya watoto haimbani mwandishi, ila ni busara kubaki ndani ya kanji 2,136 za matumizi ya kawaida, ili wasomaji waweze kulichapa jina wanapolitafuta.

Kabla ya kulitia kwenye jalada, litafute mtandaoni kwa kanji zake usije ukachukua la mwandishi mwingine. Kisha mpe Mjapani alisome kwa sauti bila furigana. Akikwama, ongeza furigana. Akicheka, badilisha kanji.