Mkono Wenye Vidole Vinne Hausemi Tano

Mwaka juzi nilikaa nyuma ya darasa la watoto viziwi hapa Mwanza wakati wakionyeshwa katuni ya elimu ya afya. Ilipendeza: rangi zimekolea, mama anamnywesha mwanawe dawa, na dirishani ziwa linaonekana pamoja na mawe yetu. Mwishoni daktari anainua mkono, vidole vimetanuka, kumaanisha dawa imezwe siku tano. Mwalimu akasimamisha picha, akauliza kwa alama: siku ngapi? Karibu darasa zima likajibu nne.

Hawakukosea. Walihesabu, na mkono wa yule daktari ulikuwa na vidole vinne.

Sisi tunaosikia hatukuona kasoro kwa sababu sauti ilishatamka "tano". Mimi ninafundisha utengenezaji wa filamu za katuni, na nilikuwa nimeitazama ile mara mbili bila kugundua lolote. Aliyenifungua macho ni dada mmoja kiziwi wa Kirumba, aliyewahi kuwa mwanafunzi wetu, ambaye sasa anatengeneza filamu fupi za katuni. Alitazama mara moja tu, akaniuliza: "Mwalimu, kidole kingine kimekatwa na nani?"

Kilikatwa zamani sana, na sababu ni wingi wa kazi. Filamu hupitisha picha 24 kila sekunde. Katuni ya kuchorwa kwa mkono mara nyingi huwa na michoro 12 kwa sekunde, kila mchoro ukionekana mara mbili. Dakika moja basi ni michoro 720. Mhusika mwenye mikono miwili akipunguziwa kidole kimoja kila mkono, mchoraji ameepuka vidole 1,440 kwa dakika hiyo moja, na mkono wenyewe unaonekana safi, haujasongamana. Kwa anayesikiliza, hakuna kilichopotea. Kwa anayezungumza kwa mikono, huko ni kumkata ulimi.

Ufundi huu umebadilika sana, na kila badiliko lilikuwa na maana yake kwa viziwi, hata kama waliolileta hawakuwafikiria. Émile Cohl wa Ufaransa alipoonyesha Fantasmagorie mwaka 1908, alichora karatasi takriban 700 kwa filamu isiyofika dakika mbili. Baadaye kidogo Wamarekani wakaanza kuchora wahusika kwenye plastiki angavu ya seluloidi na kuilaza juu ya mandhari iliyochorwa mara moja tu. Katuni za wakati huo zilikuwa bubu. Kiziwi na asiye kiziwi waliketi ukumbi mmoja, wakasoma maandishi yaleyale, wakacheka pamoja. Mwishoni mwa miaka ya 1920 sauti ikaingia. Tangu hapo wachoraji wakahamishia juhudi zao mdomoni, kuhakikisha midomo inafuata maneno, na mikono ikabaki pambo. Naona hapo ndipo kiziwi alipotolewa nje ya ukumbi.

Dada wa Kirumba alianzia kwenye kauntabuku. Alichora pembeni mwa kurasa, akaziachia kwa kidole gumba, mtumbwi ukaenda. Filamu yake ya pili aliitengeneza kwa dagaa. Alitandika kanga nyeusi sakafuni, akafunga simu juu ya kigoda ikitazama chini, akawa anasogeza dagaa wakavu mmoja mmoja, anapiga picha, anasogeza tena. Dagaa wakajipanga wakawa wimbi, wimbi likawa mkono. Kadiri walivyoshikwashikwa ndivyo walivyopoteza magamba, ule ung'aavu ukafifia, na yeye akaamua kwamba kwenye hadithi usiku umeingia. Ukitazama hutadhani halikupangwa tangu mwanzo.

Kisha akapata kishikwambi, akaanza kuchora juu ya kioo. Filamu hiyo ilimfundisha jambo ambalo sijawahi kuliona kwenye kitabu chochote cha somo hili. Kuna mahali mama muuza dagaa wa soko la Mwaloni anataja kwa tahajia ya vidole, yaani herufi moja moja kwa maumbo ya vidole, jina la mvuvi wake, Mashauri. Herufi nane. Mtu mzoefu hutahajia herufi kama nne hadi sita kwa sekunde, hivyo jina zima linapita kwa sekunde mbili au pungufu. Kwa michoro 12 kwa sekunde, kila herufi inapata michoro miwili au mitatu, na mmojawapo unaliwa na safari ya kutoka herufi moja kwenda nyingine. Aliwaonyesha wenzake viziwi, wakaona vidole vinachezacheza tu, jina hawakulisoma. Akarudi mezani. Mwili wa mama akauacha kwenye michoro 12, mikono akaipa 24. Halafu akafuta michoro kadhaa ya katikati ili kila herufi itue na kukaa kidogo kabla ya kuondoka. "Mwili unaweza kusubiri," aliniambia, "vidole haviwezi."

Mambo hayo ndiyo yanayowashinda watu wengi wanaohamia kwenye katuni za kompyuta. Katika programu kama Blender, ambayo haiuzwi na ndiyo anayoitumia siku hizi, unapanga mkao wa kwanza na wa mwisho, kompyuta inajaza katikati. Inajaza kwa ulaini: mkono unateleza, hausimami popote. Alama isiyosimama ni sawa na mtu anayesema bila kufunga midomo, utasikia sauti lakini hutapata maneno. Uso nao una kazi. Katika lugha nyingi za alama nyusi zikiinuka sentensi inakuwa swali, na mhusika mwenye uso mkavu anageuza swali kuwa taarifa. Hata mbinu ya kunasa miondoko ya mtu halisi kwa kamera nyingi hukwama pale kidole kinapojificha nyuma ya kiganja.

Lakini kompyuta imeleta faida moja kubwa. Mkono wa pande tatu ukishajengwa na vidole vitano, unabaki navyo filamu nzima bila kumwongezea mchoraji jasho. Kisingizio cha kuokoa michoro kimekwisha. Huko Afrika Kusini, Braam Jordaan, ambaye ni kiziwi, ametengeneza filamu fupi ya katuni ya The Rubbish Monster, kwa hiyo asiwepo wa kutuambia kazi hii viziwi hawaiwezi.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ikapitishwa mwaka 2010. Wengi wetu tumeitikia kwa kumweka mkalimani kwenye kijisanduku pembeni mwa kioo. Mkalimani ni muhimu, ila kwenye katuni kiziwi analazimika kuchagua: atazame mikono aikose picha, au atazame picha akose maneno. Mkiagiza katuni ya kipindupindu, ya chanjo au ya usalama ziwani, mleteni kiziwi mezani siku ile ya michoro ya awali, na mumlipe kama fundi mwingine. Na kabla hamjaipokea kazi, zimeni sauti, mwite mtu asiyeijua hadithi, mumuulize ameona nini.

Filamu anayoitengeneza sasa inahusu wavuvi wawili viziwi wanaovua dagaa usiku usio na mwezi, dagaa wakifuata mwanga wa taa. Nilimuuliza watazungumzaje gizani. Akanionyesha michoro: kila mmoja akitaka kusema kitu, anainama mbele na kuweka mikono juu ya karabai, na dagaa chini yao wanakusanyika.