Kwa nini ukurasa huruka pale tu unapotaka kubofya?

Unasoma habari kwenye simu, kidole kinashuka kwenye "Soma zaidi", na kabla hakijagusa kioo maandishi yote yanateremka. Umebofya tangazo. Bando linakwenda, na ukirudi inabidi utafute upya ulipoishia.

Wengi hulaumu mtandao, na hapo ndipo kosa linapofichika. Mtandao dhaifu hausukumi maandishi. Hurefusha tu muda ambao msukumo unaweza kutokea. Kwenye intaneti ya kasi picha hufika kabla hujaanza kusoma, kwa hiyo ukurasa uleule mbovu huonekana mzima. Ndiyo maana mtengenezaji anayeujaribu kwa faiba ofisini huona hauna tatizo, huku msomaji wa 3G akihangaika nao. Ukurasa uliopangwa vizuri, hata ukichukua sekunde 20 kufunguka, hautikisiki: hujaa polepole, kila kitu mahali pake.

Wengine hulaumu kidole. Ni kweli vitufe vidogo ni kero, na WCAG 2.2, mwongozo wa kimataifa wa kurahisishia kila mtu matumizi ya tovuti, wa mwaka 2023, unataka kitufe kisipungue pikseli 24 kwa 24, isipokuwa kama kimeachiwa nafasi ya kutosha pembeni. Lakini hata kikubwa hakikusaidii kikihama. Mtu huhitaji kama robo ya sekunde kuitikia anachokiona. Ukurasa ukisogea karibu zaidi na mguso kuliko hapo, hawahi kukizuia kidole.

Chanzo ni hiki. Kivinjari hakisubiri faili zote zifike. Kikipata maandishi, huyapanga na kuyaonyesha mara moja. Kikikuta picha ambayo haijatajiwa vipimo, huipa kimo cha sifuri. Fikiria benchi la harusini lililojaa watu, halafu anafika shangazi ambaye hakuwekewa nafasi: akikaa katikati, kila aliye upande mmoja lazima asogee. Angewekewa khanga mapema kuonyesha nafasi yake, angekaa bila kumsumbua yeyote, hata akichelewa saa nzima. Vipimo vya picha ndiyo khanga hiyo:

<img src="soko.jpg" width="800" height="600">

Kwenye CSS, yaani lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa, ongeza max-width: 100% na height: auto, ili picha ijibane kwenye kioo cha simu. Hapa mafunzo ya zamani hupotosha. Kwa miaka mingi height: auto ilikifanya kivinjari kipuuze kimo kilichoandikwa hadi picha ifike, na watengenezaji wakaacha kuandika vipimo. Tangu mwishoni mwa 2019 Chrome na Firefox huchukua namba hizo mbili, hupata uwiano wake, na kutenga nafasi sahihi kabla picha haijaanza kushuka. Mstari mmoja tu, na shida inaisha!

Matangazo ni magumu zaidi, kwa sababu mara nyingi nafasi yake hupigwa mnada wakati ukurasa unafunguka, na mshindi huja mwisho. Wapo wanaoshuku kwamba yamepangwa hivyo ili kukunasa. Kwa kuutazama ukurasa pekee, hila na uzembe hufanana. Dawa ni kutenga kimo, kwa mfano min-height: 250px kwa tangazo la 300 kwa 250, na kutoifunga nafasi hiyo hata tangazo lisipokuja, maana kuifunga nako ni kuruka, safari hii kwenda juu. Ilani ya vidakuzi (cookies) nayo ielee chini ya kioo kwa position: fixed badala ya kuingizwa juu ya maandishi.

Msukosuko huu una kipimo. Google hukiita CLS (Cumulative Layout Shift): jumla ya alama za misogeo inayofuatana kwa karibu. Alama ya msogeo mmoja ni sehemu ya kioo iliyoathirika, mara umbali wa msogeo ukigawanywa kwa upande mrefu wa kioo. Maandishi yaliyojaza kioo cha pikseli 800 yakisukumwa 240 yanapata 1 × 0.3, yaani 0.3. Kizuri ni kisichozidi 0.1, zaidi ya 0.25 ni kibaya. Msogeo unaotokea ndani ya nusu sekunde baada ya wewe mwenyewe kugusa hauhesabiwi, kwa kuwa uliutarajia. Kwa hiyo menyu inayofunguka papo hapo haina kosa, ila ile inayosubiri data ya seva kwa sekunde mbili kabla ya kupanuka inahesabiwa, na itengewe nafasi pale pale inapoguswa.